Nusu Nyingine ya Diski

Kibodi ya Lennox ilikuwa na mafuta ya kuku. Mwenye studio yule alikuwa na tabia ya kula akiwa kazini, paja la kuku mkono huu, mkono ule ukihariri harusi za watu, na akishamaliza alipangusa vidole kwenye pazia la buluu ambalo wateja walisimama mbele yake kupigwa picha za pasipoti. Kila asubuhi Joyline Apondi alianza kazi na kitambaa na spiriti, akisugua herufi moja moja huku amebana pua, na kila asubuhi alijiambia haidhuru. Mtu aliyekuandika kazi ukiwa na mtoto mchanga mgongoni humkagui vidole.

Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe, mjini Eldoret. Upande wa dirishani ni picha na video. Upande wa mlangoni ni meza ya kutengeneza simu. Lennox alifanya yote mawili, na wateja walijaa, hasa kina mama, kwa sababu Lennox alikuwa na mdomo mtamu. Hakumwita mtu "madam" wala "customer". Alimwita kwa jina la mtoto wake, kama jirani.

"Mama Mungai, umetutupa! Langas mnakula nini siku hizi, mbona unang'aa hivyo?"

Na Mama Mungai angecheka, angemkabidhi simu yake, na akiulizwa namba ya siri angeitaja bila kufikiri. "Nipee PIN, mama, ndio nitest tachi ya kioo," Lennox angesema, na simu ingebaki pale hadi kesho. Watoto wa mji mzima aliwajua kwa majina. Joyline aliwahi kumsifia kwa dada yake Aloo kuhusu jambo hilo.

Siku hiyo Lennox alikuwa ameenda Burnt Forest kupiga video ya mazishi. Alimwachia Joyline kazi moja tu: kumalizia kuitengeneza video ya koito, ile sherehe ya posa ya Kikalenjin, kuiweka kwenye flash na kumpa mwenyewe akija. Mwenyewe alikuwa Linet, Mama Kiprop, mwalimu wa chekechea kutoka Moiben, dada mkubwa wa msichana aliyeposwa. Alifika mapema, viatu vikiwa na matope ya shambani, na mkononi amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya kulala, kilichofungwa kwa kitambaa safi.

"Hii ni ya Lennox," alisema akikiweka juu ya meza. "Siku ya koito alishinda kwetu tangu asubuhi, hakunung'unika hata kidogo. Mama akasema kijana kama huyo hapewi ahsante ya mdomo peke yake. Maziwa haya yamelala vizuri, hata ukifungua utasikia harufu ya moshi."

"Atafurahi sana, Mama Kiprop. Kaa hapo kwa benchi, sichelewi."

Alichelewa. Video ilianza kujitengeneza, ikafika katikati, ikagoma. Kompyuta ilisema diski imejaa. Joyline akampigia bosi wake. Nyuma ya sauti yake palisikika kwaya na mtu akilia.

"Imeshiba?" Lennox akacheka kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliye matangani. "Hiyo mashine inakula kunishinda. Futa harusi za mwaka juzi. Hao wengi washaachana, nani atazitaka?"

"Na za mazishi?"

"Futa nazo. Marehemu hatakuja kudai. Apondi wangu, nisikie, usiguse kitu kingine. Futa hizo, toa koito, basi."

Joyline alikata simu akiwa hajafuta chochote. Wiki ile ile mjane mmoja alikuwa amekuja kuomba video ya harusi ya watu baki, kwa sababu mume wake aliyefariki alionekana mle akicheza, kwa muda mfupi tu, sahani mkononi. Aliirudia na kuirudia, mkono mdomoni. Futa? Amfute nani?

Akawa anazungusha macho chumbani, akitafuta akili. Juu ya kabati palikuwa na boksi tupu la ile diski, ile nyeusi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta kwa waya, ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Maandishi ya boksi yalikuwa makubwa: terabaiti nne. Akageukia kioo cha kompyuta. Pale penye picha ya diski, D, paliandikwa terabaiti mbili na kidogo hivi, zote zimejaa.

Nusu nyingine iko wapi?

Joyline alikuwa anasoma kompyuta jioni, kwenye ukumbi wa kanisa kule Yamumbi alikoishi. Mashine zilikuwa chache, wanafunzi wengi, na mwanawe Omollo alilala chini ya meza kwenye beseni lililotandikwa shuka. Mwalimu Isaiah aliwaambia jambo ambalo wenzake walipiga miayo wakilisikia, lakini Joyline lilimkaa akilini. Alisema zile picha ndogo unazobonyeza zinakuonyesha tu kile kilichopewa ruhusa ya kuonekana. Ukitaka habari kamili ya diski, ina sehemu ngapi, kubwa kiasi gani, nzima au mbovu, fungua ule uwanja mweusi wa amri na uulize kwa maandishi. Joyline aliupenda ule uwanja mweusi. Haukuwa na mapambo. Unauliza, unajibiwa.

Akaufungua. Akaandika *diskpart*, akasubiri, kisha *list volume*.

Jedwali likashuka, mistari michache ya maandishi meupe. Kila sehemu ya hifadhi na mstari wake: namba, herufi yake, jina, ukubwa, hali yake. Ya C ilikuwepo, ya Windows yenyewe. Ya D ilikuwepo, ndiyo ya harusi na mazishi. Na chini yake palikuwa na nyingine, namba tatu. Jina, hakuna. Ukubwa, karibu terabaiti mbili. Hali, nzima. Lakini mahali pa herufi palikuwa patupu, na sehemu isiyo na herufi haina mlango. Huwezi kuiona ukifungua kompyuta kama watu wanavyofungua.

"Mama Kiprop!" alisema kwa furaha. "Nimepata nafasi. Ilikuwa imesahaulika huku nyuma."

"Kama stoo," akasema Linet, akinyanyua macho kutoka kwa simu yake.

"Kabisa, kama stoo."

Alidhani ni mtu aliyeiandaa diski na kusahau kumalizia. Akaandika *select volume 3*, akaandika *assign letter=K*, na papo hapo mlango mpya ukatokea kwenye kioo. Ila haikuwa tupu. Kamstari ka chini kalikuwa kekundu, kamejaa karibu pomoni. Akaifungua kuona ni kazi gani za zamani zimewekwa mle.

Yalikuwa mafolda, na kila folda na jina. Mama Mungai Langas. Mama Kipkemboi Kapsoya. Mama Kiprop Moiben. Yalishuka hivyo, mama fulani wa mtaa fulani, hadi mwisho wa kioo na kuendelea. Joyline akatabasamu. Akafikiri ni picha za besdei za watoto. Akaona mtu anayewakumbuka watoto wa watu namna hii, hata awe na vidole vya mafuta, ana moyo. Na katikati ya mistari akaona lake: Mama Omollo Yamumbi.

Moyo ukamruka. Akakumbuka siku Lennox alipompiga Omollo picha akiwa na kofia ya sufu. Kumbe aliihifadhi! Akabonyeza.

Haikuwa kofia ya sufu. Lilikuwa titi lake.

Lilikuwa lile la kushoto, jekundu, limevimba kama boga, chuchu imepasuka. Alijipiga picha ile mwenyewe Omollo akiwa na wiki chache tu, usiku homa imempanda, akamtumia Aloo ambaye ni nesi Kisumu, na Aloo akamjibu kwa herufi kubwa aende hospitali mara moja. Ile ilikuwa siri ya dada wawili. Chini yake zilikuwepo nyingine. Yeye kwenye beseni la kuogea akipima tumbo baada ya kujifungua. Yeye na Omollo wamelala, nguo imefunguka. Zote za simu yake, ile ambayo kioo chake kilipasuka na Lennox akakibadilisha bure kabisa. "Wewe ni mtu wa nyumbani, Apondi, nikulipishe nini?" PIN alimpa mwenyewe, na hata akamshukuru.

Akakiona kidole chake kwenye kibodi, kidole kilichosugua mafuta ya yule mtu asubuhi ile, na akakiondoa haraka. Harufu ya kuku ikamjia ingawa kuku hakuwepo. Akavuta ndoo ya takataka kwa mguu, akatapika.

"Ai! Msichana wangu!" Linet akarukia upande ule. "Ni mimba ingine ama ni malaria?"

Joyline aliwahi kuifunga picha. Mafolda yakabaki. Linet alisimama nyuma yake, mkono mgongoni mwake, na macho yake yakaangukia kioo, kama ya mtu yeyote yangeanguka.

"Mbona jina langu liko hapo?"

Joyline alijifuta mdomo. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema ni orodha ya wateja, na Linet angerudi Moiben na flash yake na kumbukumbu nzuri ya koito. Lakini mkono wa yule mwanamke ulikuwa bado mgongoni mwake, unamsugua kama mama anavyomcheulisha mtoto.

"Dada, ulishawahi kuleta simu hapa?"

"Mwaka jana. Ilikuwa imekufa chaji."

"Ukampa PIN."

Linet aliutazama uso wa Joyline, akaitazama ndoo, akatazama tena jina la mtoto wake. Mkono ukaondoka mgongoni taratibu.

"Fungua yangu," akasema.

Joyline akambonyezea, kisha akageuka akatazama ukutani, kwenye kalenda ya duka la mbegu, mahindi yaliyonona yakicheka na jua. Alisikia kibonyezo mara chache. Halafu pumzi ya Linet, moja, ndefu, kama mtu aliyekanyaga kitu cha maji maji gizani.

"Hizi nilimtumia mume wangu akiwa kazini Qatar," alisema. Sauti ilikuwa tambarare. "Mume wangu. Peke yake." Kisha akasema neno moja la Kikalenjin ambalo Joyline hakulijua lakini alilielewa. "Na huyu mnyama nimembebea maziwa. Mama yangu ameamka kumpondea makaa ya kupaka ndani ya kibuyu."

"Nafuta," Joyline akasema. Alikuwa ameshageukia ule uwanja mweusi. "Nafuta zote sasa hivi, asibaki na hata moja. Amri ni moja tu. *Delete volume*, kwisha."

Alikuwa ameshaiandika hata kabla ya kumaliza kusema. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuingiza. Linet akamshika kifundo cha mkono.

"Ngoja. Ukifuta, umemwogesha."

"Dada, mimi niko hapo! Wewe uko hapo!"

"Ndio. Na kesho atanunua diski ingine, Mama Mungai alete simu. Utamwambia nani? Utaonyesha nini? Utakuwa tu msichana wa kazi aliyefutia boss kazi yake." Linet alimwachia mkono. "Na pengine anazo mahali pengine. Ukifuta hii, unajifichia wewe peke yako."

Joyline alilia kidogo, si sana. Hakuwa na nguvu ya kulia sana. Alikuwa na kodi, maziwa ya mtoto, mtihani wa cheti uliobaki siku chache, na mtu pekee aliyemwandika kazi mji huu mzima ni yule aliyeko Burnt Forest akiwapiga picha watu wanaolia. Alirudisha nyuma maneno aliyokuwa ameandika, herufi kwa herufi. Badala yake akaandika amri nyingine, ya kuifanya ile sehemu isomeke tu, mtu asiweze kuongeza wala kupunguza kitu.

"Ya nini hiyo?" Linet akauliza.

"Ndio asiseme tumeweka sisi."

Akachomoa diski. Hakutaka kuishika kwa mkono mtupu. Akaizungushia shuka la Omollo lililokuwa kwenye mkoba wake, halafu akasikia vibaya, akalitoa shuka, akaifunga kwa lile pazia la buluu.

Kituoni, nyuma ya kaunta, walimkuta Konstebo Kiprono, mwanaume mrefu mwenye sauti ya kujua mambo. Linet ndiye aliyeeleza. Mwanzoni Kiprono alisikiliza akichezea kalamu. Alipofika penye picha za wanawake, kalamu ikasimama.

"Za uchi?" akauliza.

"Za watu," Linet akasema.

"Sawa, lakini za uchi?" Akageuka kumwita mwenzake wa chumba cha pili. "Njoo, kuna kesi ya kompyuta." Mwenzake akaja na kikombe cha chai, akavuta kiti kabisa, kama mtu aliyewahi nafasi nzuri kwenye mpira. "Haya, fungua tuone. Ushahidi lazima uonekane."

Joyline alihisi maziwa yakimtoka. Saa ya kumnyonyesha Omollo, aliyemwacha kwa jirani, ilikuwa imepita, na mwili haujui kama uko kituoni. Blauzi ililowa pande zote mbili, madoa mawili, na macho ya yule wa chai yakashuka pale na kukaa. Akavuta leso ya kichwa akajifunika. Mle studioni kulikuwa na mmoja. Hapa walikuwa wawili, na walivaa sare.

"Sifungui picha," akasema.

"Basi umekuja kufanya nini?" Kiprono akacheka. "Halafu huyu Lennox mnayemsema, si ni yule wa studio ya juu? Huyo namjua. Alinipiga picha ya pass-out nilipomaliza mafunzo. Mtu poa sana. Wacha nimpigie aje aseme upande wake, mambo ya wafanyakazi na boss tunayajua."

Wakangoja kwenye benchi. Linet alipakata kibuyu chake, hakujua la kukifanyia. Wakati Lennox anaingia, viatu vikiwa na udongo wa kaburini, alikuwa ameshavaa uso wa huruma.

"Apondi wangu! Kwani kumetokea nini? Si ungeniambia tu, mtoto akiwa mgonjwa nakupa ruhusa." Akanyoosha mkono wa salamu. Joyline aliuangalia ule mkono. Kucha zilikuwa na mafuta hata leo; kwenye mazishi pia alikuwa amekula. Akaiacha mikono yake ndani ya leso. "Haya, umenikasirikia. Mama Kiprop, na wewe pia? Mbona mnanifanyia hivi, na koito yenu nilishinda na njaa?"

"Usiliite jina la mtoto wangu," Linet akasema.

"Afande, mimi ni mtu wa kazi," Lennox akamgeukia Kiprono. "Hiyo diski ni mali yangu na imetolewa dukani bila ruhusa. Chomeka tu uone. Ni harusi na matanga, sina siri."

Kiprono akaichomeka kwenye kompyuta ya kituo. Diski ikawaka, ikatokea moja tu kwenye kioo. Wakaifungua. Harusi. Matanga. Harusi. Ubatizo. Koito ya Moiben.

"Sasa?" Kiprono akamtazama Joyline. Yule wa chai akashusha pumzi kama mtu aliyenyimwa.

"Nilikwambia, afande," Lennox akasema kwa upole. "Huyu msichana anasoma vitu vya jioni, amechanganyikiwa kidogo. Ana mtoto, halali vizuri. Mimi hata simshitaki."

Alikuwa mpole mno. Joyline aliona sasa kwamba upole wenyewe ndio uliokuwa mchafu kuliko kuku.

"Naomba kibodi," akasema.

"Ya nini tena?" Lennox akasema, haraka mno.

Kiprono, pengine kwa ajili ya ile haraka, akasogea. Joyline akafungua uwanja mweusi. Mashine ikauliza ruhusa, Kiprono akaikubalia. Akakosea herufi, akarudia. *List volume.* Jedwali likashuka mbele ya wote.

"Hii ni ya kompyuta yenu, afande. Hii ni ya harusi zake. Na hii ya chini je? Haina herufi, ndio maana hamkuiona. Lakini soma ukubwa wake."

Kiprono akainama. "Ni kubwa karibu sawa na hiyo ya harusi."

"Hiyo ni system," Lennox akasema. "Kila diski iko nayo."

"Kila diski iko na system inayokula nusu?" Joyline hakumtazama. "Na imewekewa alama ya kutopewa herufi popote itakapochomekwa. Hiyo haijiweki." Akaipa herufi. Kisha, bila kutoka kwenye ule uwanja mweusi, akaandika *dir*, kwa sababu *dir* inataja majina na haionyeshi kitu. "Orodha ndio hii. Hayo ni mafolda, na ndani ni picha za simu za wateja. Kila mwanamke ameandikwa kwa jina la mtoto wake na mtaa. Hakuna mtu atakayefungua hapa. Huyu ni mimi, Mama Omollo. Huyu ni Mama Kiprop. Mko na majina, muwaite wenyewe."

"Lakini lazima tuthibitishe angalau moja," yule wa chai akasema, akisogeza kiti.

Kiprono alikuwa ameanza kusoma kwa sauti, kwa kejeli kidogo, kama mwalimu anayeita majina darasani. "Mama Mungai, Langas. Mama Tony, Huruma. Mama Kip..." Akasimama. Akainama zaidi. Alisoma mstari ule kimya, midomo ikitembea, kisha akavua kofia na kuiweka juu ya kaunta, na ilionekana hakujua amefanya hivyo. Mama Kipkemboi Kapsoya.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni mke wa nani. Yule wa chai aliangalia mwenzake, akaangalia kioo, akanyanyuka na kikombe chake akarudi alikotoka.

"Zima," Kiprono akasema.

"Afande, si ulisema ushahidi lazima uonekane?" Joyline akauliza.

Hakutaka kusema hivyo, lilimtoka. Kiprono akamtazama, macho mekundu, na Joyline alijua kwamba hapo angepaswa kumhurumia. Hakuweza. Muda mchache uliopita mtu huyu alikuwa amekaa tayari kumtazama yeye. Mke wake ndiye aliyemfanya apate aibu, na bila mke wake wangekuwa bado wanabishana.

"Zima, tafadhali, mama," Kiprono akarudia, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Kisha akapiga kelele kuelekea ndani: "Madam! Inspekta Waiyego! Njoo, tafadhali. Hii kesi siwezi kuishika mimi."

Lennox akaanza kucheka, kicheko kikakauka. "Kiprono, ndugu yangu, tuongee nje kidogo. Hiyo ni kazi ya fundi tu, backup, mtu asipoteze picha zake..."

"Mke wangu alikwambia umfanyie backup?"

Lennox akafungua mdomo. Ule mdomo mtamu, mara ya kwanza tangu Joyline amjue, haukupata jina la mtoto wa mtu la kutaja.

Inspekta Waiyego alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Aliwaondoa wanaume wote pale mezani, akasoma ile orodha pamoja na Joyline mstari kwa mstari bila kugusa folda yoyote, akamfundisha konstebo wa kike namna ya kuifunga diski kwenye bahasha na kutia sahihi juu yake. Alisema wenye majina wataitwa mmoja mmoja, na kila mmoja atachagua mwenyewe atakayeziona zake. Alisema studio itapekuliwa jioni ile ile, na simu ya Lennox pia. Hakuahidi zaidi ya hapo. Joyline aliona afadhali.

Walipotoka nje jua lilikuwa linaelekea Yamumbi. Linet alikiinua kibuyu.

"Kazi huna tena," akasema.

"Sina."

"Mtihani lini?"

"Wiki hii."

"Basi kunywa hii, mtu wa kunyonyesha. Nilikuwa nitaimwaga, nikaona ni dhambi. Ng'ombe wetu hana makosa."

Joyline hakukipokea papo hapo. Alitafuta kwanza bomba lililo karibu na ukuta, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akanusa vidole, akanawa tena. Ndipo akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa makali, baridi, yana moshi. Yalikaa tumboni, hayakurudi.

Nyumbani, Omollo alikuwa ameshamchosha jirani kwa kilio. Joyline aliketi kitandani na kufungua blauzi iliyolowa, na kwa muda mfupi aliona aibu mbele ya mwanawe, kana kwamba kuna jicho lingine chumbani. Akasimama, akafunga pazia la dirisha, akarudi. Lile titi la kushoto lilikuwa limepona zamani, limebaki na kovu dogo tu. Omollo hakujali kovu. Alilidaka kwa viganja vyote viwili, akafumba macho, akaanza kazi yake, na Joyline akavuta daftari la darasa kwa mkono uliobaki, akalifungua kwenye ukurasa wa amri za diski.